UZI: Ayalandi iligawanywa na mpaka, ila waandishi wake wakubwa walizomewa na watu wa kwao wenyewe

Mchwa wa Vitabu

Wakuu habari za jioni.

Mliosoma Things Fall Apart shuleni, au mliokutana nayo kwa Kiswahili kama Shujaa Okonkwo, lile jina la Kiingereza Achebe hakulitunga. Alilichomoa kwenye shairi la Yeats linaitwa The Second Coming, la mwaka 1919. Yeats ni Mwayalandi na mwaka huo ndo kwao vita ya kumtoa Mwingereza ilikuwa inaanza. Sasa kuna mdau kwenye uzi mwingine akaandika kwamba Ayalandi ni rahisi kuielewa, Wakatoliki ndo wana fasihi na uzalendo, Waprotestanti ndo wana polisi na bunduki. Nikasema hapana, hii siwezi kuipita, bora nifungue uzi kabisa.

Ninachobishia ni hiki. Mpaka uligawa ardhi na watu, sawa, hilo halina ubishi. Lakini ukienda nao kwenye vitabu unakwama mapema sana, maana nusu ya walioijenga hiyo fasihi ya uzalendo walikuwa Waprotestanti. Alafu kitu cha pili ambacho watu hawakisemi, karibu kila mwandishi mkubwa wa kule aliyezomewa, kufungiwa kitabu, kufukuzwa kazi, hakufanyiwa hivyo na Mwingereza. Alifanyiwa na watu wa upande wake.

Historia naipitia fasta. Kuanzia 1609 mfalme wa Uingereza anachukua mashamba ya kaskazini, jimbo la Ulster, anawapa Waskoti na Waingereza wa Kiprotestanti. 1690 vita ya mto Boyne, mfalme Mprotestanti anampiga mfalme Mkatoliki, na mpaka leo kila tarehe 12 Julai wanaandamana na ngoma kukumbuka. 1801 bunge la Dublin linakufa, kila kitu kinaamuliwa London. 1845 hadi 1852 njaa kuu ya viazi, watu kama milioni moja wanakufa na wengine milioni wanapanda meli. Baada ya hapo madai ya kujitawala hayakulala tena. 1912 London inataka kuwapa serikali ya ndani, Waprotestanti wa kaskazini karibu nusu milioni wanasaini hati ya kukataa, na 1914 wanaingiza bunduki kwa meli. Pasaka ya 1916 wanaharakati wa Dublin wanateka posta kuu, wanapigwa ndani ya wiki moja, viongozi wanauawa. 1920 London inapitisha sheria ya kuigawa nchi na mwaka unaofuata kaskazini inaanza rasmi.

Hapo kwenye kugawa pana ujanja. Ulster ina kaunti tisa, ila waliochukuliwa kaskazini ni sita tu: Antrim, Armagh, Down, Fermanagh, Tyrone na Derry. Wangechukua zote tisa, Waprotestanti wangekuwa wengi kwa kamba nyembamba sana na uchaguzi wowote ungeweza kuwatoa. Kwa hiyo wakakata pale ambapo hesabu inalipa. Ndo maana Donegal iko juu kabisa kwenye ramani lakini inaitwa kusini.

Haya, twende kwenye vitabu sasa.

Mwaka 1904 Dublin inafunguliwa Abbey Theatre. Nyuma yake wako Yeats, Lady Gregory na Synge, wote wa familia za Kiprotestanti, na lengo ni kuwa na jukwaa la taifa. Synge mzee wa watu akaenda visiwa vya Aran akajifunza Kiayalandi, akakaa na wavuvi, akarudi na tamthilia inaitwa The Playboy of the Western World. Kijana anaingia kijijini anasema nimemuua baba yangu, kijiji kinamfanya shujaa, wasichana wanamgombania. Januari 1907 ikapandishwa jukwaani, watu wakachafua hali ya hewa. Wazalendo walisema mnatutukana, mkulima wa Kiayalandi hawezi kuwa hivyo, na mwanamke wa Kiayalandi haongelei nguo ya ndani hadharani. Polisi wakaitwa. Fikiria, ukumbi wa wazalendo, watazamaji wazalendo, na polisi wa Mwingereza wanalinda mchezo uendelee.

1926 ikajirudia. Safari hii ni Sean O'Casey, Mprotestanti pia ila wa uswahilini kabisa, kijana wa vibarua wa Dublin. Tamthilia yake ya The Plough and the Stars inaonyesha ile wiki ya 1916, lakini badala ya mashujaa tu anakuonyesha majirani wanaopora maduka wakati posta inaungua, malaya yuko baa, na bendera ya mapinduzi imeingizwa humo humo baa. Ni miaka kumi tu imepita, wajane na mama za waliouawa wamo ukumbini. Wakaandamana, na mimi hapo siwalaumu sana kusema kweli, mtu mwanao amepigwa risasi halafu unaona bendera yake kwenye bilauri za pombe. Yeats akapanda jukwaani akawafokea watazamaji kwamba mmejiaibisha tena. O'Casey mwaka huo huo akahamia Uingereza na hakurudi kuishi.

Na kuna Erskine Childers, huyu wengi hamumjui. Mzaliwa wa London, aliandika riwaya ya kijasusi ya 1903, The Riddle of the Sands, iliyouza sana. Mtu huyu huyu 1914 akaingiza bunduki za wazalendo Howth kwa boti yake mwenyewe. Mkataba na London wa Desemba 1921, uliowapa kusini kujitawala, ulipokuja nchi ikapasuka, bungeni 64 kwa 57, na kilichowauma zaidi kwenye mjadala hata haukuwa mpaka, kilikuwa kiapo kwa mfalme. Childers akawa upande wa wakataao. Novemba 1922 serikali mpya ya Ayalandi, wenzake wa jana, wakampiga risasi. Kabla hajafa alimuapisha mwanae wa miaka 16 aende akawape mkono wote waliosaini kifo chake. Huyo mtoto 1973 akawa rais wa Jamhuri.

Nitarudi kwa Seamus Heaney, mshairi wa kaskazini, maana ndo mwenye uzi wake hasa. Karibuni.

Kidumu

Siti ya mbele hapa. Shusha nondo mkuu.

Mkulima wa Kahawa

Uzi mzuri ila mimi naona unazunguka. Hii ni vita ya dini, Mkatoliki na Mprotestanti, basi. Mbona kwingine Wakatoliki na Walutheri wanaoana na hakuna anayechomeana nyumba? Kwa hiyo kuna kitu kwenye dini yao kule.

Mchwa wa Vitabu

Mkulima, dini kule ni jezi. Inakuonyesha mtu yuko timu gani, haikuambii mechi inagombaniwa nini. Hakuna aliyeuawa Belfast kwa kubishana kuhusu Bikira Maria. Angalia Derry miaka ya 60. Wakatoliki walikuwa ndo wengi mjini, lakini mipaka ya kata ilichorwa vile kwamba halmashauri inabaki kwa Waprotestanti, na haki ya kupiga kura ya halmashauri ilifungwa na kuwa na nyumba, ya kumiliki au ya kupanga, na nyumba za halmashauri anazigawa nani? Halmashauri hiyo hiyo. Oktoba 1968 watu wakaandamana kudai haki za kiraia, polisi wakawapiga virungu mbele ya kamera. Januari 30, 1972 wanajeshi wa Uingereza wakaua waandamanaji 13 siku ile ile, na wa 14 akafa baadaye. Baada ya hapo IRA, jeshi la siri la wanaotaka kaskazini iungane na kusini, haikukosa vijana. Mpaka makubaliano ya amani ya Ijumaa Kuu ya 1998 wamekufa kama 3,500, kwenye eneo dogo ambalo kila mtu anamjua mtu.

Na usisahau Wolfe Tone, baba wa wanaotaka jamhuri, yule wa uasi wa 1798. Mprotestanti. Douglas Hyde aliyeanzisha chama cha kufufua Kiayalandi 1893 na kuwa rais wa kwanza wa nchi 1938. Mprotestanti, mtoto wa mchungaji. Sasa hapo vita ya dini inakaaje?

Mtu wa Bukavu

Wandugu salamu kutoka Bukavu. Munaongea Ayalandi yote hii bila kumutaja Roger Casement? Sisi huku Kongo njo tunapashwa kumukumbuka wa kwanza. Alikuwa konsuli wa Waingereza, mu mwaka 1903 akapanda mtoni kuona mambo ya Leopold, mufalme wa Ubelgiji, na mupira, watu wanakatwa mikono, vijiji vinabaki bila mutu. Akasikiliza watu wenyewe, akaandika vile walimuambia. Ripoti ikatoka 1904, na 1908 Leopold akanyanganywa Kongo ikaenda kwa serikali ya Ubelgiji. Haikuwa uhuru, lakini ule wizi wa mutu mumoja ulikatika. Halafu hao Waingereza waliomupa sifa njo walimunyonga.

Mchwa wa Vitabu

Asante sana ndugu wa Bukavu, umenisaidia maana nilikuwa natafuta pa kumuweka.

Casement alizaliwa Dublin 1864, ukoo wa Kiprotestanti wa Antrim, kaskazini. Mwenyewe alikuja kusema ni huko Kongo ndo alipoanza kujiona kama Mwayalandi, kwamba akiangalia wale watu wa mtoni anaona watu waliowindwa kama wa kwao. Baada ya Kongo akaenda Putumayo, Peru, huko nako mpira na mauaji, na mwaka 1911 mfalme akampa cheo cha Sir. Miaka mitatu baadaye Sir huyo yuko Berlin anawaomba Wajerumani silaha za kumtoa mfalme huyo huyo. Aprili 1916 wakamshusha na nyambizi pwani ya Kerry, akakamatwa siku ile ile, Ijumaa Kuu, meli ya silaha ikazamishwa na nahodha wake. Agosti 3 akanyongwa London.

Hapa ndo penye uchafu. Watu wakubwa walikuwa wanasaini barua aachwe hai, serikali ikawa inapitisha kimya kimya kurasa za shajara zake za siri zinazoonyesha anapenda wanaume, ili wanaomtetea waone aibu. Ilifanya kazi. Conrad, ambaye walikaa wote Matadi 1890 na ndo aliandika riwaya maarufu ya mto Kongo, alikataa kusaini. Na Ayalandi huru nayo ikakaa miongo inagombana kama shajara ni za kweli au za kughushi, maana shujaa wa taifa la Kikatoliki hawezi kuwa hivyo.

Mifupa yake ilirudishwa 1965, mazishi ya kitaifa Dublin. Ila mwenyewe aliomba azikwe Murlough Bay, Antrim. Antrim ni ng'ambo ya mpaka. London iliruhusu mifupa kwa sharti isivushwe kaskazini.

Jamaa wa Thika

OP umeandika poa lakini huyo Yeats usimpake mafuta sana bana. 1933 alikuwa anachekelea mashati ya bluu, lile kundi la O'Duffy lililokuwa linaiga Mussolini, hadi akawaandikia nyimbo za kwata. Na hao kina Lady Gregory ni masetla tu, sisi tumetoka Thika tunajua shamba la setla linakaaje hata likiwa na maktaba ndani. Mume wake Sir William ndiye alileta kile kifungu bungeni London 1847, katikati ya njaa, kwamba mtu mwenye zaidi ya robo ekari asipewe msaada mpaka auachie udongo wake. Watu wakachagua kati ya shamba na uji. Halafu mke wake anakuja miaka hamsini baadaye kukusanya ngano za watoto wa hao hao, ati anafufua utamaduni. Hiyo nayo tuite uzalendo?

Mchwa wa Vitabu

Jamaa wa Thika, komenti bora ya uzi mpaka sasa na sikupingi kwenye facts. Kifungu cha Gregory ni kweli kabisa na kiliua watu. Mashati ya bluu pia kweli, ingawa alikuja kuwachoka haraka na mashairi yale akayabadili mpaka hayakuimbika.

Lakini kaa na hili. Yeats alikuwa seneta kuanzia 1922. Juni 1925 serikali ya kusini inataka kuziba njia zote za talaka kwa sababu kanisa halitaki. Yeye akasimama akawaambia, mkiionyesha dunia kwamba nchi hii itaongozwa kwa mawazo ya Kikatoliki peke yake, kaskazini hamtaipata kamwe. Akawaambia na sisi Waprotestanti si watu wadogo, akawahesabia waandishi na wanasiasa waliotoka kwao. Alikuwa na majivuno, ndiyo, unasikia kabisa ni mtu wa nyumba kubwa anaongea. Ila alikuwa sahihi! Katiba ya 1937 ikapiga talaka marufuku, na ilikuja kuruhusiwa kwa kura ya maoni ya 1995, ikapita kwa asilimia 50.28, yani pua na mdomo. Miaka yote hiyo Mprotestanti wa Belfast akiambiwa mjiunge na kusini alikuwa anajibu mnataka nikatawaliwe na maaskofu, na hakuwa anatunga.

Na kama ni dhambi za masetla, mwenyewe Yeats alikuwa na hofu nyingine kubwa zaidi. 1902 yeye na Lady Gregory walitunga tamthilia fupi, Cathleen ni Houlihan. Bibi kizee anaingia kwenye nyumba ya kijana anayekaribia kuoa, anamwambia nimenyang'anywa mashamba yangu manne, kijana anaacha harusi anaenda kufa kwa ajili yake. Bibi ni nchi, na mashamba manne ni majimbo manne. Vijana waliiona ile wakatoka ukumbini wanatetemeka. Kati ya viongozi waliopigwa risasi 1916 watatu ni washairi, Pearse, MacDonagh na Plunkett. Yeats uzeeni akaandika akijiuliza kama mchezo wake ndo uliwatuma watu wale waliouawa na Mwingereza. Wasanii wengi wanaota kuwa na nguvu hiyo, yeye ilimnyima usingizi.

Dada Mbishi

Naona mnasifiana tu wanaume kwa wanaume. Lady Gregory mmemtaja kama mke wa mtu na mmiliki wa shamba, wakati hiyo Cathleen sehemu kubwa ya maongezi aliandika yeye na jina likaenda kwa Yeats.

Hamjasema kabisa kuhusu sheria ya vitabu ya 1929. Nchi imepata uhuru, inaunda bodi ya kufungia vitabu, na waliofungiwa ni wa kwao wenyewe. Edna O'Brien alitoa The Country Girls 1960, wasichana wawili wa kijijini wanakwenda Dublin kutafuta maisha na mapenzi, kwisha. Kikafungiwa, na vilivyofuata vikafungiwa. Akakaa London karibu maisha yake yote. Mwandishi John McGahern alifungiwa cha kwake 1965 na akapoteza kazi ya ualimu juu, maana shule zilikuwa mikononi mwa kanisa.

Alafu 1991 jamaa wa Field Day, kundi la tamthilia na waandishi wa kaskazini, hao hao waliokuwa wanapigania sauti ya wanyonge wa kaskazini, wakatoa antholojia kubwa ya maandishi ya Ayalandi ya miaka zaidi ya elfu moja, vitabu vitatu vinene vya kuvunja meza. Wanawake ukawatafute na tochi. Watu walikuja juu mpaka ikabidi kazi ianze upya na 2002 vikatoka viwili vya nyongeza vya wanawake. Miaka kumi na moja wanasubiri nyongeza, hapo ndo unajua uhuru wa nani.

Na kama mnataka kuielewa Belfast ya miaka ya 70 achaneni na mashairi, someni Milkman ya Anna Burns, ilishinda Booker 2018. Binti wa miaka 18 ana tabia ya kusoma kitabu huku anatembea barabarani. Mkubwa mmoja wa wapiganaji wa mtaa anaanza kumfuata fuata, na mtaa mzima unaamua kwamba ni hawara yake bila kumuuliza. Humo ndani hakuna mtu mwenye jina, hata nchi haitajwi. Wanajeshi wapo ila kinachombana binti ni majirani. Hiyo ndo hoja ya mleta uzi, ila yeye angefika huko kesho kutwa.

Mchwa wa Vitabu

Dada Mbishi nimekuachia kwa makusudi, nikajua utakuja. Endelea kukaa hapa hapa.

Mbeba Boksi

Mimi niko Belfast, nafanya kazi za kutunza wazee, na mteja wangu mmoja amenifundisha mengi kuliko vitabu. Kuta za kutenganisha mitaa zipo mpaka leo wakuu, ndefu, na kuna mageti yanafungwa usiku. Upande wa Shankill, kwa Waprotestanti, kona za barabara zimepakwa nyekundu nyeupe na bluu, ukivuka kwenda Falls, kwa Wakatoliki, unakuta mchoro wa Bobby Sands ukutani, yule aliyefunga kula gerezani 1981 akafa, na wenzie tisa wakamfuata. Sands naye alikuwa anaandika mashairi kwenye karatasi za chooni humo ndani.

Mimi Muislamu, na utani wao wa kwanza kwa kila Muislamu ni ule ule, sawa, lakini wewe ni Muislamu wa Kikatoliki au wa Kiprotestanti? Unacheka, baadaye unagundua nusu yake ni swali la kweli, maana wanataka kujua watoto wako watasoma shule gani.

Kitu kimoja cha kuchekesha, C. S. Lewis wa Narnia ni mzaliwa wa hapa Belfast. Mashariki ya mji wamemjengea uwanja una simba mkubwa wa shaba. Wazungu wengi nilioongea nao Uingereza hawajui kama ni mtu wa huku.

Mleta uzi malizia Heaney, yule mzee ninayemtunza anampenda, na mzee mwenyewe ni Mprotestanti wa kutupwa.

Mchwa wa Vitabu

Haya Heaney.

Kazaliwa 1939 shambani, kaunti ya Derry, Mkatoliki, mtoto wa kwanza kati ya tisa, baba anauza ng'ombe. Kizazi chake ndo cha kwanza cha Wakatoliki maskini wa kaskazini kusomeshwa bure sekondari, kwa sheria ya elimu ya 1947 iliyotoka kwa serikali ile ile waliyoilalamikia. Kitabu cha kwanza 1966, mashairi ya viazi, vyura, baba anachimba. Miaka mitatu baadaye Belfast inaungua, na kila mtu anamgeukia, wewe ni mshairi wetu, sema kitu.

Alichofanya kikawaudhi wengi. Kwanza 1972, mwaka wa yale mauaji ya Derry, akahamisha familia kwenda Wicklow, kusini. Wengine wakamuita mkimbizi, na gazeti moja la wafuasi wa mchungaji Paisley, Mprotestanti wa msimamo mkali, likafurahi kwamba ameondoka. Alafu 1975 akatoa North. Badala ya kuandika moja kwa moja juu ya mabomu, akaandika juu ya maiti za kale zilizofukuliwa kwenye matope ya Denmark, watu waliouawa kama kafara miaka kama elfu mbili iliyopita. Dunia ikashangilia. Belfast, Ciaran Carson, mshairi mwenzake na Mkatoliki mwenzake, akaandika kwamba jamaa amegeuka mshairi wa kuremba mauaji, anayafanya yaonekane kama mila wakati ni watu wameamua kuua watu.

Mwaka huo huo binamu yake Heaney aliuawa na kundi la Kiprotestanti akitoka kuangalia mechi. Heaney akamwandikia shairi zuri la maombolezo, anamuosha uso kwa umande. Miaka ikapita, akaandika Station Island, 1984, anakutana na mizimu kwenye kisiwa cha hija, na mmoja ni binamu huyo. Binamu anamkoromea, wewe umekipaka kifo changu sukari. Hapo ndo mimi nilimvulia kofia. Yani alichosemwa na Carson akakichukua, akampa marehemu amwambie mwenyewe.

Na wapiganaji nao hawakumuacha. Kwenye shairi moja anasimulia mtu wa harakati alivyokuja kukaa mbele yake kwenye treni akamuuliza utatuandikia sisi lini. Akamjibu kwamba akiandika kitu atakuwa anajiandikia mwenyewe. Upande wa pili, 1982 wachapishaji wa London walipomuweka kwenye mkusanyiko wa washairi wa Uingereza akatoa waraka mzima wa mashairi kuwakumbusha pasi yake ya kusafiria ni ya kijani. Enzi hizo ya Jamhuri ndo ilikuwa ya kijani.

Kwa hiyo akawaudhi wa kwao kwa kutoshika bango, na akawakatalia London kumfanya wao. 1995 akapata Nobeli. Kijijini kwao Bellaghy walifungua jumba la kumbukumbu yake 2016, na wamelijenga kwenye kiwanja kilichokuwa na kituo cha polisi, vile vya kuta nene za vita.

Mzee wa Mbeba Boksi huenda atampenda pia Michael Longley kama hajamsoma, Mprotestanti wa Belfast. 1994 IRA inatangaza kusitisha mapigano, yeye gazetini likatoka shairi lake la mistari 14 linaitwa Ceasefire. Halitaji Belfast wala IRA, ni la hadithi ya Wagiriki wa zamani, mfalme mzee Priam wa Troy anapiga goti na kubusu mkono wa aliyemuulia mwanae ili apewe maiti akazike. Wengine liliwagusa, wengine wakasema hawako tayari kubusu mkono.

Mkulima wa Kahawa

Sawa nimeelewa ya jezi. Sasa huo mpaka upo bado au ulishakufa? Na mtu asiyejua kitu aanze kusoma wapi, siyo mashairi tafadhali.

Mchwa wa Vitabu

Mpaka upo, karibu kilomita 500, ila ukipita unajua tu kwa sababu alama za barabara zinabadilika kutoka maili kwenda kilomita. Makubaliano ya 1998 yalisema mzaliwa wa kaskazini anaweza kuwa Muingereza, Mwayalandi, au vyote, na kwamba wengi wakitaka kuungana na kusini itapigwa kura. Alafu 2016 ikaja Brexit, kura ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, kaskazini asilimia 55.8 wakataka kubaki Ulaya wakatolewa hivyo hivyo, na ukaguzi wa mizigo ukahamishiwa baharini ili mageti yasirudi mpakani, jambo lililowakera sana wanaotaka kubaki Uingereza. Sensa ya 2021 ikaonyesha kwa mara ya kwanza wenye asili ya Kikatoliki wamewazidi, 45.7 kwa 43.5. Februari 2024 Michelle O'Neill wa Sinn Féin, chama cha wanaotaka kuungana na kusini, akawa waziri kiongozi. Zile kaunti sita zilizokatwa ili Mprotestanti asizidiwe. Ila usikimbilie kusema wanaungana kesho, kuna Wakatoliki wengi wana kazi ya serikali na hospitali ya bure na hawana haraka kabisa.

Kusoma, anza na Dubliners ya Joyce, 1914, hadithi fupi. Ruka mpaka ile ya wapiga kampeni wamekaa kwenye chumba cha baridi wanasubiri bia na malipo, wanamkumbuka Parnell, kiongozi aliyekaribia kuwapa kujitawala kabla maaskofu na chama chake hawajamtosa 1890 kwa ajili ya mke wa mtu. Mmoja anawasomea shairi la kumlilia na kuwalaani waliomsaliti. Ukishaimaliza hiyo nenda Milkman kama dada alivyosema, kurasa 50 za kwanza zinachosha, vumilia.

Mkulima wa Kahawa

Inapatikana wapi, bei?

Mchwa wa Vitabu

Dubliners ni bure kwenye mtandao wa Gutenberg, haki miliki ilishaisha zamani. Milkman itabidi ununue au umuombe Dada Mbishi.

Dada Mbishi

Siazimishi vitabu.